Kundi Ambalo Mdogo Wangu Aliambiwa Asijitoe

Wanaonijua wanasema nina mdomo. Kweli ninao. Sokoni Kahama nimewahi kumtoa mtu jasho kwa sababu ya debe la mchele lililopunjwa. Siku moja tu niliyotakiwa kuutumia kwa faida, nikaufunga. Nitaeleza, na wala siombi kuhurumiwa.

Afisa wa polisi alikuja kijijini kwetu, huku Ushetu, kutuonya kuhusu majambazi wanaosaka vijana mitandaoni. Wanafungua kundi kwenye simu, wanatangaza kazi ya baa huko Runzewe, kwenye dhahabu, kumbe binti akifika anatumwa kuwachunguza wanunuzi wa dhahabu: nani ana mzigo, anapita njia gani. Baada ya hapo ni mapanga.

"Ukiingizwa kwenye kundi kama hilo, usijitoe," alisema. "Kaa humo, utuletee namba zao."

Mkutano mzima ulimsikia. Mimi nilikaa mbele kabisa.

Mdogo wangu wa kike akaingizwa kwenye kundi la namna hiyo. Akatii. Kila wiki alimpigia afisa kumsomea namba, na alifurahi, masikini, akijua anaisaidia serikali.

Afisa akahamishwa. Mwezi haujaisha, mpwa wa mtemi wa sungusungu, mkuu wa walinzi wetu wa jadi, akakatwa mapanga akitoka kununua dhahabu. Sungusungu wakakusanya simu zote kuzikagua. Kundi wakalikuta kwenye simu ya mdogo wangu. Akajieleza. Yule aliyehamishwa hakupatikana kwenye simu; wakampigia afisa mpya, naye akajibu kwamba hana taarifa hiyo.

"Nani alisikia huyo wa kwanza akisema hivyo?" mtemi akauliza.

Thubutu! Watu wazima na ndevu zao wakatazama vidole vya miguu. Mdogo wangu akanitazama mimi. Nikajifanya nafunga kanga.

Akatengwa. Kwetu kutengwa si mchezo: husalimiwi, huuziwi chumvi, huombi moto kwa jirani, huchoti maji watu wakiwepo kisimani. Anayesema nawe naye anatengwa. Nina watoto wanne, na tumbaku yangu haikaushwi bila mikono ya majirani. Hizo ndizo sababu zangu, na hazinisaidii kitu.

Aliishi nyumba ya marehemu mama, mkabala na yangu. Kila asubuhi alinisalimia, "Shikamoo dada." Sikuitikia. Mwanangu wa mwisho alipomkimbilia, nilimchapa. Ndiyo, nilimchapa, tena mbele yake. Damu nzito kuliko maji, wanasema. Yangu iligeuka maji ya kunawa.

Siku ya kumi na mbili alikuja hadi kwenye ua wa minyaa. Nilikuwa nafunga majani ya tumbaku kwenye vijiti pamoja na majirani. Alikuwa amekonda, midomo imempasuka. Akanyoosha simu.

"Dada, wale watu wameniandikia. Wamejua nimetengwa. Wanasema kwao kuna chakula na watu wa kuongea nao. Niwajibu nini?"

Nikafunga jani. Nikachukua jingine.

"Neno moja tu, dada. Ukisema nisiende, siendi."

Majirani wote waliacha kazi, wananitazama. Nikageuka, nikamwambia mwanangu aniletee kamba.

Kisha akainama, akaanza kuwaandikia kwa kidole gumba, polepole, machozi yakidondokea kioo cha simu, naye akikifuta kwa kiganja ili aone herufi.