Gauni Lililofungiwa Ndani ya Gari la Marlène

Mwaka 1997 Marlène alikuwa mwanamke pekee pale Nchelenge, mji wa Zambia kando ya ziwa, aliyepeleka samaki wakavu Mansa kwa gari lake mwenyewe. Alizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Mume wake alipofariki alihamia Zambia na gari alilomwachia. Wanaume wa sokoni walimshauri aliuze. Alibadilisha matairi yeye mwenyewe, akaendelea na safari.

Gari lilitoka Ulaya. Lilifunguliwa kwa rimoti ndogo ya kubonyeza, iliyofungwa pamoja na ufunguo. Matundu ya ufunguo milangoni yaliharibiwa na wezi Lubumbashi, kwa hiyo bila rimoti mtu hakuingia.

Jumamosi moja Jessy, binti wa jirani yake, alikuwa anaolewa. Gauni lake lilishonewa Mansa. Marlène ndiye aliyelileta, akaliacha kwenye kiti cha nyuma, limeviringishwa kwa mashuka mawili lisije likashika harufu ya samaki. Asubuhi akashuka ziwani kufua, ufunguo ukiwa kwenye fundo la kitenge chake. Alipoinama kusuuza, fundo lilifunguka, ufunguo ukazama majini. Aliutafuta ufunguo kwa miguu mchangani mpaka akaupata, lakini alipobonyeza rimoti mbele ya gari, hakuna kilicholia wala kuwaka.

Habari ilifika haraka nyumbani kwa bibi harusi. Patson, baba yake mdogo, akaja na jiwe mkononi. Marlène akasimama kati yake na mlango wa gari, akamwita kwa "Ba" ya heshima.

"Hapana, Ba Patson. Kioo ya hii gari tutaipata wapi? Muningojee kidogo."

Patson akamwambia kwamba watu wa bwana harusi wameshaingia kanisani na wameanza kuimba.

"Wacha waimbe," alisema Marlène.

Akaipasua rimoti kwa wembe. Maji yakamwagika. Akaifuta kwa ncha ya kitenge, kisha akaomba tone la kachasu kwa Matildah, aliyepika pombe hiyo kali nyuma ya soko. Akaitumia kuoshea vyuma vya ndani, maana kachasu hukauka upesi kuliko maji, akaianika rimoti juu ya gari. Betri yenyewe ilikuwa imekufa. Akaenda kwa Kafula, fundi saa. Kafula hakuwa na betri pana kama ile, akampa mbili ndogo alizozitoa kwenye saa mbovu. Marlène akazipanga moja juu ya nyingine, akazikaza kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara.

Aliporudi nyumbani alimkuta Jessy ameketi kizingitini, nywele zimesukwa vizuri, amevaa kitenge cha nyumbani. Hakuwa analia. Utulivu ule ndio uliomwingiza Marlène hofu kwa mara ya kwanza siku ile.

"Ba Marlène, kama inakatala, nitaenda na hiki kitenge," Jessy alisema. "Ule mwanaume ananijua."

"Utaenda na gauni, mutoto yangu. Kitenge utavaa kesho."

Akabonyeza. Kimya. Akazitoa betri, akazigeuza juu chini, akabonyeza tena. Taa za gari zikapepesa na milango yote ikafunguka kwa pamoja. Wanawake wakapiga vigelegele. Marlène hakungoja, alivuta mlango, akachukua gauni, akaweka kigoda mlangoni usije ukajifunga. Alifanya vizuri, kwa sababu betri zile za saa ziliishia pale pale. Gari lile bila rimoti halikuwaka pia, na injini ilikataa kabisa.

Basi wakaenda kwa miguu. Jessy alipita njia ya ufukweni amevaa gauni lake, kati ya vichanja vya samaki, Marlène nyuma yake ameinua pindo lisiguse chini, na Patson mbele akiwaondoa watu njiani. Wauzaji waliacha meza zao wakawafuata. Vumbi lilimpata bibi harusi viatuni tu. Kanisani walikuwa bado wanaimba.

Juma lililofuata betri mpya ya rimoti ilifika kwa basi dogo kutoka Mansa, na gari likawaka. Tangu hapo watu walianza kumletea Marlène redio na tochi zilizokufa. Aliwarudisha wote, akiwaambia yeye anauza samaki. Redio moja tu aliikubali, ya mama mkwe wa Jessy, akaifungua, akahangaika nayo, na hiyo ikamshinda.