Gia ya Pili ya Roseline

Mafundi wa pikipiki mtaani Mowlem ni wengi, lakini fundi wa Vespa, zile skuta za zamani, ni Obonyo peke yake. Hayo ni maneno ya Obonyo mwenyewe, na hakuna mtu amewahi kumaliza kumbishia, kwa sababu Obonyo hanyamazi. "Mimi nikikohoa tu," hupenda kusema, "Vespa inajiwasha."

Ukweli ni kwamba mtaani Vespa imebaki moja. Ni ya Roseline, muuza vitambaa, aliyeachiwa na babake, marehemu Tobias wa reli. Ni ya kijani, pua imebonyea, na ina kisirani kimoja: ukiingiza gia ya pili inashika kidogo, halafu inaruka. Basi kila mara Roseline anaisukuma hadi kwa Obonyo, anakalia tairi kuukuu, anakula njugu akimcheka. Obonyo hajaoa. Siku za Roseline ndizo siku pekee Obonyo hunyoa ndevu.

Sasa fikiria vile alijisikia asubuhi Magan alipompigia simu. Magan ni fundi kijana, amefungua gereji ng'ambo ya barabara.

"Buda, nafungua giaboksi ya Roseline. Kuja uone."

Mafundi wa huku wana sheria yao: giaboksi iliyofungwa na mwenzako hufungui bila kumwita asimame hapo. Ni heshima. Siku hiyo Obonyo aliona ni kama kualikwa harusi ya mwanamke aliyeposwa na yeye mwenyewe.

Akavuka barabara. Akamkuta Roseline ameketi kwa kiti. Kiti kizima, cha plastiki, chenye mgongo! Na njugu zile zile, ila leo Magan ndiye alikuwa anachotewa.

"Niaje, Rose. Umehama nyumba?"

"Nimechoka kusukuma, Obonyo. Leo naenda nayo Njiru kwa dada yangu Elsie. Na hiyo Kangundo Road unaijua, malori ya mchanga yako nyuma yako kama yanakudai."

"Sasa ukaona umletee mtoto ajifunze nayo."

"Mtoto anafanya kazi kimya," Roseline akasema, akacheka. Kicheko hicho kilikuwa cha Obonyo, kwa miaka yote. Kilimchoma mahali.

Magan akafungua giaboksi, akapanga vyuma kwa gunia, kimoja kimoja vile vilivyotoka. Obonyo akasimama juu yake, mikono mgongoni, akiomba aone kosa. Na Mungu akampa. Ndani ya giaboksi kuna kile chuma cha mikono minne, mafundi wanakiita msalaba. Kinateleza ndani ya shafti kikichagua gia moja baada ya nyingine. Upande mmoja ni bapa, upande wa pili una ukingo. Magan akakisafisha, akakifunga tena kwa fimbo inayokisukuma. Kinyume.

Moyo wa Obonyo ukacheza. Nyamaza tu, akajiambia. Gia itaruka, Rose atasema huyu Magan ni bure, kesho atarudi kwa tairi lake. Utamu huo alikaa nao mpaka Magan akashika kifuniko. Hapo akaona kichwani lori la mchanga, na Vespa ya kijani mbele yake, gia imeruka, imekosa nguvu.

"Magan. Huo msalaba umegeuka."

Magan akainua macho. "Si nimerudisha vile niliukuta, buda? Ulifungwa na wewe. Mimi ni nani nikukosoe?"

Alisema kwa heshima kabisa. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya.

Roseline akaacha kutafuna. "Ngoja. Kwani ni wewe? Siku hizo zote?"

Obonyo alikuwa hajui. Wallahi alikuwa hajui, alikuwa akiufunga hivyo bila kuangalia, akijisifu tu. Lakini afadhali aitwe mkora kuliko aitwe fundi mbaya.

"Rose, wewe unadhani Obonyo anaweza kukosea msalaba? Nilikuwa naugeuza makusudi. Ningekuona vipi?"

Magan akajifanya anatafuta spana iliyokuwa mkononi mwake.

"Wewe ni mshenzi," Roseline akasema, lakini pole pole, na akamwangalia muda mrefu kuliko mtu anavyomwangalia mshenzi.

Obonyo akachuchumaa, akaugeuza msalaba kwa mkono wake, Magan akafunga. Roseline akapiga teke, ikawaka, akaondoka. Mafundi wawili wakategea masikio. Ya kwanza. Ya pili, ikashika, ikakaa. Ya tatu, laini. Akafika kona, akapiga honi, hakugeuka.

Magan akajifuta mikono. "Sasa atakuwa anakuja kufanya nini?"

"Klachi itakwisha siku moja."

"Lini?"

"Vile anaiendesha vizuri?" Obonyo akasikiliza mlio ukipotea kuelekea Kangundo Road. "Mimi na wewe tutakuwa tumezikwa."