Mafuta Machakavu Yaliyokuwa Mapya

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya mafuta ya ndege, Mkuu wa Maabara alinipa chupa ya kioo iliyojaa mafuta, akaniuliza naona nini.

"Ni safi, mzee," nikasema.

Akaizungusha. Chini kabisa likajikusanya tone la maji. "Nafula, maji haya yakiganda huko juu angani, injini inakosa mafuta. Hapa hatumwamini mtu. Hata mimi usiniamini."

Nilimtii miaka yote. Kutoka maabara nilihamishiwa kwenye bowza, lile gari linalojaza ndege, kisha mapokezi, ambako nilipima kila shehena na kurudisha malori huku madereva wakinitukana. Nyumbani, katika mtaa wa Tena, majirani waliniita Mama Hapana.

Cheo changu cha mwisho kilikuwa mkaguzi wa malighafi. Wakati huo wakubwa wote walikuwa wakisifu mafuta ya ndege yanayotokana na mafuta ya kupikia yaliyokwisha kukaangiwa. Hukusanywa, husafirishwa kiwandani ng'ambo yakageuzwe, kisha huchanganywa na yale ya kawaida. Sikuyapinga. Nilisoma vipimo vyake, na ndege huruka nayo vizuri. Kilichonikera ni mapipa ya mkusanyaji aliyetuletea mafuta hayo.

Mafuta yaliyochoka huwa na asidi nyingi, tena hunuka kilichokaangwa: samaki, bhajia, viazi. Haya asidi yake ilikuwa chini kama ya mafuta ya dukani, na hayakunuka chochote. Nikamwomba mkusanyaji orodha ya wanaomuuzia. Akanipa kurasa tatu, tabasamu halimtoki. Ukurasa wa pili nikakuta jina la Halima na sahihi kando yake. Halima ni mkaanga samosa wa mtaa wa Kware, ninayemfahamu tangu tulipokuwa wasichana.

Jumamosi nikamwendea na ile karatasi.

"Halima, unauza mafuta yako machakavu?"

Akacheka mpaka akaketi. "Dada, na bei ilivyopanda, yabaki ya kuuza? Mimi nayatumia mpaka karai likauke." Nikamwonyesha jina lake kwenye karatasi, kicheko kikaisha. "Nani ameniandika hapa? Na hii sahihi si yangu. Mimi hutia kidole gumba."

Hapo nikaelewa. Yalikuwa mafuta mapya ya mawese, yamebatizwa uchakavu kwa sababu wanunuzi wa ng'ambo walilipa zaidi kwa taka kuliko kwa chakula. Nikakataa kuidhinisha shehena.

Meneja akaniita ofisini. "Maabara imesema ni salama. Ndege haiulizi mafuta yametoka wapi."

"Haiulizi, bwana meneja. Mimi ndiye niliyeajiriwa kuuliza."

Mkusanyaji aliondolewa kimya kimya, hakushtakiwa. Mimi nikapelekwa stoo kuhesabu glavu na vizima moto hadi nikastaafu. Iliniuma, sitaficha. Wenzangu niliokunywa nao chai miaka mingi walipita mlangoni bila kunisalimu.

Vijana huniuliza kama mafuta haya yana mustakabali. Yanao, nami natamani yafaulu. Lakini vipimo vya maabara hukwambia mafuta ni nini. Yametoka kwa nani, mpaka uende ukaulize.

Wiki iliyopita Halima alinipigia simu. Kuna mtu mpya amefika Kware na pikipiki, akisema anakusanya mafuta ya ndege.

"Amechukua kiasi gani?" nikamuuliza.

"Hajachukua kitu, dada. Anaandika majina tu."

Nikamwambia asimwache aondoke, nikatafuta viatu vyangu.