Fundo la Taata Nyuma ya Gari-Nyumba

Kuna watu hapa Mabira wanasema kaka yangu aliivunja baiskeli kwa kujionyesha kwa wasichana. Wengine wanayasema wakiwa wamekunywa rubisi, wengine wanayasema wametoka kanisani. Nimeshapigana na wawili, na huyo wa kanisani nilimpiga zaidi. Lakini ngumi haielezi kitu, kwa hiyo naandika. Kusoma na kuandika nilijifundisha mwenyewe, kwa maneno yaliyochapwa kwenye magunia na karatasi za kufungia chumvi, na sina mwalimu wa kunisahihisha. Tena taata, baba yetu, hasomi. Ndiyo maana naweza kuandika.

Kaka alikuwa ameahidiwa kazi ya kuchanja ng'ombe. Bwana mifugo wa Kituntu alitaka kijana anayejua kusoma, tena mwenye baiskeli yake, maana maboma yako mbalimbali huko nyikani na kwa miguu huwezi kuyamaliza. Neno lake lilikuwa moja: Jumatatu asubuhi uje na baiskeli, usipokuja nayo nachukua mwingine.

Taata akamtoa ng'ombe. Si dume, si mzee. Jike lenye mimba. Mfugaji akitoa jike lenye mimba, watu huongea chinichini kama kuna msiba. Mama siku ile hakula. Baiskeli ikaja, nyeusi, ina kengele na keria imara, taata akaizunguka akaigusa tandiko, akasema, "Haya, huyu hatoi maziwa, lakini tutaona."

Halafu kaka akashikwa na homa. Ilipomwachia alikuwa anatembea ameshika ukuta. Kuendesha baiskeli kutoka Mabira mpaka Kituntu, na vile vilima, hawezi. Na kesho yake ni Jumatatu.

Sasa, siku zile kulikuwa na mzungu amepiga kambi chini ya kilima, anatafuta mawe ya bati. Alikuwa na lori ambalo nyuma yake limejengewa nyumba ya mbao: dirisha lina pazia, ndani kitanda, jiko, mpaka kioo cha kunyolea. Tuliliita gari-nyumba. Nyuma kabisa yalichomoza vyuma viwili kama pembe, na juu yake zimekaa baiskeli mbili, yake na ya mkewe. Nilikuwa nazitazama kila nikipita. Fremu imebanwa kwenye chuma kwa mikanda ya ngozi, imekazwa mpaka ngozi imelia. Gurudumu limefungwa lisizunguke. Kati ya baiskeli na baiskeli kuna gunia, zisisuguane. Ukizitikisa, gari ndilo linatikisika.

Jumapili hiyo walikuwa wanahama kwenda upande wa Kituntu. Nikamwendea dereva, mtu wa mbali, mwenye kofia na maneno mengi.

"Tubebe mimi na kaka. Ni mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini? Wa uvivu?"

"Rudia hilo neno."

Akacheka, akaenda kumwuliza mzungu, akarudi. "Haya simba, tulia. Bwana amekubali. Mtakaa juu ya paa na mizigo. Baiskeli yenu mfunge wenyewe nyuma, mimi si mchunga wenu. Na mikanda ya bwana msiiguse."

Tukaja nayo. Na taata akaja, ameshika kamba zake za ng'ombe.

Nilitaka kufunga mimi. Taata akanisukuma kwa kiwiko. "Wewe umesafirisha nini maishani mwako? Mimi nimepeleka ng'ombe mpaka ng'ambo ya mto, hata mmoja hakuvunjika mguu." Akafunga baiskeli vile anavyofunga ndama. Kamba moja kwenye usukani, maana kwake huo ndio shingo, na moja chini ya tandiko. Na akaacha nafasi. Kila kamba aliachia kiasi cha mkono kupita.

Nikasema, "Taata, hiyo imelegea."

"Kitu kinachosafiri kiachie pumzi. Ukimkaza ndama shingoni, unafika na ngozi."

"Lakini hii haina pumzi, taata."

"Nani amekufundisha kunijibu?"

Dereva akawa anacheka, ameshika mlango. "Mzee, umeiwekea na majani ya kula njiani?" Nikamwendea, kaka akanishika shati. Taata hakumsikia, au alijifanya. Akamaliza fundo, akalitemea mate, akalishika kwa mikono miwili akituombea safari. Kwetu fundo la namna hiyo mtu halifungui njiani. Unalifungua ukifika. Ukilifungua kabla, umemtupia baba baraka zake usoni.

Gari lilipopita kona na taata haonekani tena, nikamwambia kaka, "Nimgongee dereva asimame, nifunge upya."

"Taata amelitemea fundo mate."

"Nitalitemea mimi!"

"Acha." Alikuwa amejifunika blanketi, meno yanagongana. "Ametoa ng'ombe. Kisha nifungue fundo lake? Acha, mdogo wangu."

Nikaacha. Mimi nina hasira, lakini kaka akisema acha, naacha.

Mwanzo barabara ilikuwa nzuri. Nikatambaa juu ya mizigo mpaka nyuma ya paa, nikalala kifudifudi, nikawa naichungulia. Ilikuwa inacheza. Gari likiingia shimo, inaruka na kurudi, inagonga ubao, ngo, ngo. Kila ikiruka inashuka kidogo, maana kamba ya tandiko ilikuwa inateleza kwenye chuma. Nikanyoosha mkono, haufiki.

Kwenye mteremko kabla ya Ihanda, gurudumu la mbele likagusa chini.

Nikapiga paa kwa ngumi. "Simama! Simama!"

Dereva akatoa kichwa. "Kojoa ukifika!"

"Baiskeli! Baiskeli inaburutwa!"

"Shikilia! Mwanaume hashindwi na mkojo!"

Kutoka ndani ya nyumba yake mzungu akagonga dari kwa fimbo. "Kelele juu!" Nikagonga zaidi. Kaka akaja akitambaa, akaona. Alitazama tu lile gurudumu likipinda, kisha likaingia kwenye mtaro wa maji, uma ukakunjika, na baiskeli ikageuka ikaning'inia kwa kamba moja ya shingoni, ikivutwa kama ng'ombe aliyekataa kwenda mnadani. Ile kamba ya shingoni haikukatika. Ingekatika tungeokoa hata nusu.

Gari lilisimama chini kwenye daraja, si kwa ajili yetu, injini ilikuwa inataka maji. Mzungu akashuka, akaenda moja kwa moja kwenye baiskeli zake. Ile ya mkewe ilikuwa imekwaruzwa rangi, mkwaruzo mdogo kama kucha. Akamfokea dereva, dereva akatugeukia sisi.

"Washamba nyie! Nani anafunga chuma kama ndama?"

Hapo nilimpiga. Nilimpiga mara moja tu, kofia ikaenda mtaroni, na kaka akanivuta kwa nguvu ambazo sijui alizitoa wapi. Gari-nyumba likaondoka. Tukabaki barabarani na blanketi na kile kitu.

Tuliibeba mabegani mpaka Kituntu, mimi mbele, kaka nyuma, tukipumzika kila kaka akitaka kuanguka. Watu wa Ihanda walikuwa wanapalilia migomba, wakatuona.

"He! Siku hizi baiskeli ndiyo inapanda watu?"

"Poleni! Marehemu mnamzika wapi?"

Ningewapiga, lakini bega lilikuwa limejaa.

Tulilala kwa mtu mwema karibu na kanisa, na Jumatatu asubuhi kaka akanawa uso, akasimama mbele ya bwana mifugo, baiskeli imelazwa chini kwa sababu haiwezi kusimama. Yule bwana akaitazama, akaisukuma kwa ncha ya kiatu.

"Nilisema baiskeli."

"Ndiyo, bwana. Itatengenezwa."

"Ng'ombe hawasubiri fundi." Akamwita kijana mwingine aliyekuwa ameegemea mti, baiskeli yake imepakwa mafuta inang'aa. Basi. Hivyo tu.

Njiani kurudi nilimwambia kaka kwamba nikifika nitasema yote, fundo, nafasi, ndama, yote. Aliendelea kutembea mpaka tulipoona boma letu. Pale akasimama.

"Ukimwambia, atakufa akiwa hai. Mimi bado kijana."

Taata alikuwa zizini. Kaka akampa shikamoo. Taata akatazama vyuma vya baiskeli mabegani mwetu, akatazama uso wa kaka.

"Imekuwaje?"

"Tulishuka salama, taata. Nikaipanda. Nilikwenda kasi, nikaanguka."

"Na homa yako?"

"Nilijiona nimepona."

Taata akasema, na majirani walisikia, "Ulikuwa unajionyesha kwa wasichana. Jike langu umelimwaga barabarani kwa ajili ya wasichana."

"Nisamehe, taata."

Nilifungua mdomo. Kaka akanitazama. Nikaufunga.

Kaka alikwenda Kyerwa kuchimba bati. Anachimba mpaka leo, mikono imekuwa kama kwato. Ng'ombe wa watu wanachanjwa na yule kijana wa mafuta. Na kaka akija nyumbani humletea taata chumvi na blanketi, humpigia magoti na kusema shikamoo, na taata huangalia ng'ombe kwanza, mmoja mmoja, ndipo anaitika. Mimi hapo hutoka nje. Nikibaki, nitasema.