Ng'ombe wa Nusu Kilo

Jirani yangu wa mlango wa pili ana bucha, na mtaa mzima unamwita Nusu Kilo. Jina hilo alipewa kwa sababu ya kimo chake. Akisimama nyuma ya gogo la kukatia nyama, mteja anaona kofia kwanza, kisha nyusi, na wapo wanaoagiza wakiiangalia ile kofia mpaka mwisho. Yeye hakasiriki. Anasema jina refu lingemlemea. Mimi nashona viatu kwenye kibaraza kinachopakana na duka lake, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona mwenyewe. Yale ya nyumbani kwake nimesimuliwa na mkewe, fundi cherehani, mwanamke asiyependa kutia chumvi isipokuwa anapomzungumzia mumewe.

Wakati huo Nusu Kilo alikuwa amevuka hamsini. Watoto wote walikuwa wameshaondoka kwenda kwenye maisha yao, nyumba ikabaki na cherehani, redio na wao wawili. Jioni akirudi kazini anaoga, anakula, anakaa. Mkewe aliniletea viatu nivitie soli akaniambia, "Yule mtu anakaa mpaka kiti kinachoka."

Kitabu kilimjia kwa njia ya kufungia nyama. Pale dukani nyama hutiwa kwanza kwenye mfuko safi, kisha huviringishwa karatasi kuukuu kwa nje, mteja asichuruzikiwe njiani. Karatasi hizo huja kwa mzigo, na ndani ya mzigo hamkosi kitu: kalenda za zamani, mitihani ya watu waliokwisha kuzeeka, matangazo ya vitanda. Asubuhi moja alikuwa ameshachana kurasa kadhaa za kitabu fulani na kumfungia mama mmoja maini, ndipo akaona ukurasa uliofuata. Kulikuwa na duara kubwa, duara dogo na mstari wa kuyaunganisha, na chini yake farasi mzima, nywele za shingoni zikipepea. Akaweka kisu chini.

"Jirani," akaniita, "hebu njoo. Wanasema farasi ni viazi viwili na kamba."

Kilikuwa kitabu cha kufundisha kuchora wanyama, hatua kwa hatua. Kurasa za mwanzo, zile zinazoeleza namna ya kushika penseli, zilikuwa zimeshaondoka na maini. Kwa hiyo Nusu Kilo alianza kuchora akiwa ameshika penseli kama anavyoshika kisu, na mpaka leo anaishika vivyo hivyo.

Jioni hiyo alichora mbwa. Mkewe alipita nyuma yake, akasimama, akauliza, "Unataka kumwagiza seremala?"

"Kwa nini?"

"Si benchi hilo?"

"Ni mbwa."

"Ahaa," akasema mkewe, akarudi kwenye cherehani yake. Alivumilia kidogo, kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Nusu Kilo naye alipouangalia tena ule mchoro akaona kweli, mbwa wake mtu angeweza kumkalia. Wakacheka wote wawili mpaka jirani wa juu akagonga sakafu.

Kosa lake lilikuwa kukandamiza. Mtu aliyezoea kupasua mifupa hana mkono mwepesi. Kitabu kilisema mistari ya kwanza iwe hafifu ili ifutike, lakini ya kwake ilipenya karatasi ikaacha alama kwenye meza. Aliyemtibu ni mkewe. Alitandika kipande cha kitambaa laini mezani, akampa chaki ya kupimia nguo. "Vuta," akamwambia. "Ukikandamiza, kitambaa kinakufuata. Chaki ipite kama inaomba ruhusa." Nusu Kilo alivuta, kitambaa kikamfuata. Alivuta tena. Kwa siku nyingi alivuta mistari mitupu kwenye mabaki ya vitambaa huku mkewe akidarizi pembeni, na mkono ukaanza kutulia taratibu.

Mnyama wake wa kwanza aliyefanana na mnyama alikuwa sungura. Alinijia kibarazani kabla hajafungua duka, karatasi ameikumbatia kifuani kana kwamba mvua inanyesha. Nilimwangalia yule sungura: amechuchumaa, sikio moja limelala, pua iko tayari kunusa. Nikamwambia ni sungura. Sikusema zaidi ya hapo, lakini siku nzima nilimsikia akipiga mluzi huku akikata nyama, na wateja waliondoka na vipande vizuri kuliko walivyoagiza.

Alirudi kwa muuza karatasi kuukuu akachokonoa mizigo mpaka akapata vitabu vingine. Kimoja cha ndege kilikuwa hakina jalada, na kingine cha wanyama wakubwa kiliandikwa kwa lugha asiyoijua. Hilo halikumsumbua. Alisema mistari haina lugha. Akachora bata, mbuzi, tembo, nyani mwenye sura ya mwenye nyumba wetu, ingawa aliapa hakukusudia. Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni ng'ombe.

"Huyu ameshakatwa," mkewe alisema alipoonyeshwa.

Na kweli. Alikuwa ameanza na paja, akaja mbavu, akaja kidari, kisha bega, akaviunganisha. Kila kipande kilikuwa barabara, ila vikikaa pamoja ulikuwa mzoga uliosimamishwa. Nusu Kilo alijishika kiuno. "Miaka yote hii," akasema, "mimi na ng'ombe tunakutana akiwa hana kichwa."

Mdogo wa mkewe anafuga ng'ombe wa maziwa pembeni ya mji. Jumapili iliyofuata Nusu Kilo alivaa shati safi, akachukua ubao wa kuwekea karatasi, akaenda huko bila kupiga simu. Shemeji yake alitoka nyuma ya nyumba akamkuta zizini, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, jicho moja amelifumba, penseli ameinyoosha mbele, anampima ng'ombe kuanzia mkiani hadi mabegani.

"Karibu, shemeji," akasema yule mama polepole. "Kwema?"

"Kwema kabisa. Namwangalia tu huyu."

"Huyu hauzwi."

"Sijaja kununua."

"Wala haumwi. Anakamuliwa asubuhi na jioni. Na ana mimba."

"Shemeji, nataka kumchora."

Mama wa watu alikuwa amesikia ujanja wa kila namna kutoka kwa wenye mabucha, lakini huo ulikuwa mpya. Aliingia ndani akampigia dada yake simu. "Mumeo yuko huku anampima ng'ombe wangu kwa penseli. Anasema anachora. Nimwamini?"

Dada yake alicheka mpaka uzi ukakatika kwenye cherehani. "Mwamini," akasema, "lakini usimwache naye peke yake."

Ndivyo shemeji alivyokuja kusimama pale zizini, mikono kifuani, akiwa mlinzi. Ng'ombe wa kitabuni husimama siku nzima bila kunung'unika. Huyu alikuwa na shughuli zake: mara anageuka, mara anafukuza nzi, mara anataka kujua kwenye ubao kuna nini. Mchoro wa kwanza aliula. Shemeji alishindwa kujizuia, akacheka, ulinzi ukaishia hapo. Akaleta majani mabichi, akamshika kamba ya shingoni, akawa anamtuliza ili mgeni wake afanye kazi. Kufikia mchana alikuwa ameshahamia upande wa mchoraji, anatoa maagizo. "Pembe hiyo imelala zaidi. Usimzeeshe. Na hapa tumboni mwongezee, nimekwambia ana mimba."

Nilipouona mchoro huo kesho yake niliuweka magotini nikauinamia. Ng'ombe alikuwa amesimama, uzito ameuegemeza kwenye mguu mmoja wa nyuma, kama mtu anayesubiri ndoo ijae maji. "Ana kope, jirani," Nusu Kilo aliniambia kwa sauti ya chini. "Ndefu, nzuri. Nani alikuwa anajua?"

Baada ya muda mwenye nyumba alitutaka tupake rangi upya mbele ya maduka yetu. Wengine walimwita mchoraji wa mabango. Nusu Kilo alisema la kwake atajifanyia mwenyewe. Aligawa mchoro wake miraba midogo kama kitabu kilivyofundisha, akaugawa ukuta miraba mikubwa, akapanda ngazi. Mtu akichora hadharani, kila mpita njia ni mtaalamu. Huyu anasema mkia mfupi, yule anasema kwato ziangaliwe. Yeye alijibu "sawa, sawa" akaendelea na lake, na siku ya pili jioni mtaa ulikuwa na ng'ombe mkubwa sawa na ng'ombe, anaangalia barabarani kwa macho ya upole. Watu walipiga makofi. Mkewe alifuta rangi kwenye nyusi za mumewe kwa pindo la kanga, mbele ya wote, na Nusu Kilo akaonekana mrefu.

Shida ilianza asubuhi duka lilipofunguliwa. Mteja wa kwanza alifika, akatoa salamu, akainua macho, akakutana na yale macho. "Nipe kilo... hapana, nipe mfupa tu wa supu. Au basi, nitapita kesho." Wa pili naye hivyo hivyo. Mzee mmoja mpenda maini aliniuliza pembeni, "Mbona ananiangalia kama ananijua?" Watoto wa chekechea ya mtaani, wakipita na mwalimu wao, walipanga mstari wakampungia mkono ng'ombe, wakampa na jina, kisha mmoja akauliza ndani mle wanauza nini. Mwalimu akawaharakisha. Muuza maharage wa ng'ambo ya barabara biashara ilimchangamkia, hata akamletea Nusu Kilo chai ya asante.

Nusu Kilo alikaa mlangoni na kikombe chake, hajui acheke au alie. "Jirani, nimechora vizuri mno," akaniambia. Na nilisikia kwamba ndani ya ile huzuni kulikuwa na furaha inajificha.

Mkewe alikuja kujionea. Alivuka barabara, akasimama ng'ambo, akakunja uso kama anavyotazama gauni lisilokaa sawa mabegani. Kisha akarudi.

"Tatizo si ng'ombe. Tatizo ni macho. Mgeuze."

"Nimgeuzeje? Yuko ukutani."

"Kwenye kitabu kuna wa kutazamwa kwa nyuma. Nimeuona huo ukurasa. Wewe unauruka kila siku."

Kweli alikuwa anauruka. Nani anataka kuchora makalio ya ng'ombe? Lakini alileta chokaa. Watoto wa chekechea waliposikia ng'ombe wao anafutwa wakaangua kilio kilichosikika hadi kwangu, na mwalimu wao, mama mnene mwenye sauti ya kuamuru, akaja mbio.

"Kabla hujamgusa, tukubaliane. Nina ukuta mrefu, mtupu, na watoto wanaolia. Mhamishie kwangu."

"Nimhamishie?"

"Mchore kwangu. Na ukimaliza huyo, mchoree na wenzake."

Nusu Kilo alikubali kabla mwalimu hajamaliza sentensi. Siku hiyo hiyo akampaka chokaa wa kwake, akachora mwingine: mgongo mpana, mkia unapepea, sikio moja tu linaonekana, anaelekea zake kusikojulikana. Mzee wa maini alimtazama, akatikisa kichwa, akasema, "Huyu ameshatuaga," akaagiza kilo nzima. Wengine wakafuata. Muuza maharage aliacha kuleta chai.

Ukuta wa chekechea ulimchukua Jumapili nyingi. Wa kwanza kuhamia alikuwa ng'ombe mwenye kope, na shemeji alikuja kumtazama mara mbili, kila mara na rafiki mpya wa kumwonyesha. Watoto hawakuruhusiwa kuja Jumapili, lakini walikuja. Waliagiza tembo anayecheka, mamba asiye na njaa, na twiga. Twiga alileta matata, kwa sababu shingo ilifika kwenye paa kabla kichwa hakijapatikana. Nusu Kilo alishuka ngazi, akafikiri, akapanda tena, akaikunja shingo juu ya mlango, kichwa kikaning'inia kuelekea wanaoingia.

"Twiga hufanya hivyo?" mwalimu akauliza.

"Akiwa anasalimia watoto wafupi, hufanya," akajibu mfupi mwenzao.

Jumapili moja mkewe alimletea chakula. Wakati mumewe anakula, alichukua brashi akaichovya, akachuchumaa chini ya tumbo la tembo palipobaki wazi. Nilikuwepo, nimekuja kuwashikia ngazi. Kwa mistari michache alitokea kuku, amepekua udongo, shingo ameielekeza pembeni kama anayesikiliza umbea. Nusu Kilo aliacha kutafuna.

"Nani kakufundisha?"

"Kila jioni nakaa na wewe meza moja. Ulidhani nashona tu?"

Alimtazama kuku muda mrefu. Najua alikuwa anatafuta kosa, na najua hakuliona. Kisha akanawa mikono, akamsogezea mkewe kopo la rangi ya manjano. "Basi mpe na vifaranga," akasema, "nafasi ipo." Yeye akapanda ngazi kwenda kumalizia masikio ya tembo, na huko juu akaanza kupiga mluzi.