Kamba ya Pima Nne

Mbwa huyu hakuwa wangu. Alikuwa wa marehemu mume wangu, mbwa wa shambani, wa kufukuza ngedere. Sisi Waislamu wa huku Mashewa mbwa hatumwingizi ndani. Alilala chini ya dungu la kulindia, kule kwenye mahindi, na mzee akirudi nyumbani yeye alibaki huko huko. Miaka yote hiyo sikuwahi kumgusa. Jina lake nalijua, na la mbwa aliyemtangulia, na majina ya watu wote waliolima bonde hili tangu nikiwa mwali. Shule yangu ilikuwa kisomo cha watu wazima tu, lakini kichwa changu hakipotezi jina. Ila hapa siandiki hata moja, maana wengi hawapo tena wa kuniambia andika au usiandike.

Mzee alipofariki, arobaini ikapita, watu wakatawanyika. Mbwa akashuka mwenyewe kutoka shambani, akalala uani chini ya kichanja cha vyombo. Sikumwita, sikumfukuza. Shamba lile la mbali sikulilima tena, magoti yamekataa, kwa hiyo na yeye kazi yake ikawa imekwisha.

Mbwa asiye na kazi anatafuna. Alianza na ndala yangu ya kushoto. Akala pembe ya mkeka, akala mpini wa kijembe changu cha bustani. Halafu siku moja akavuta msala wangu wa kuswalia kutoka kwenye kamba ya kuanikia na kuutafuna upindo. Nikaufua mara saba, mara moja kwa udongo, kama nilivyofundishwa, vidole vikauma siku mbili. Na siku hiyo hiyo binti yangu akapiga simu kutoka Segera, anakouza machungwa njia panda. Nikakosea, nikamwambia.

"Mama, huyo mbwa aondoke," akasema. "Mfungo ukikaribia nakuja. Nikimkuta bado anatafuna vitu, nampa Mmaasai yeyote anayeswaga ng'ombe kwenda Handeni."

Nikasema sawa. Simu ikishakatika nyumba huwa kimya kuliko kabla haijalia. Binti yangu sikuwa nimemwona tangu arobaini ya baba yake. Mbwa nilimwona kila asubuhi, na nikikohoa alinyanyua kichwa. Basi nikaanza kutafuta namna ya kumwachisha kutafuna.

Nikafikiri, mtoto akianza kuota meno unampa kitu cha kutafuna, asile vidole. Nyumba ya mkulima haikosi magunzi. Nikachukua gunzi kavu, nikalifunga kwa kipande cha kanga iliyochakaa, nikalizungushia nyuzi za katani, nikamtupia. Alilipenda kupita kiasi. Alilirusha, akalikimbiza, akalala nalo. Likiisha nilimtengenezea jingine, na ndala zangu zikapona. Nilijiona mjanja.

Wiki ya pili nikasikia hodi. Jirani yangu, mtu mzima mwenye wajukuu, ameshika mahindi mabichi manne.

"Shikamoo bibi. Nimekuletea mavuno ya mbwa wako."

Akayaweka miguuni pangu. Yana alama za meno.

"Marahaba. Si ngedere hao?"

"Ngedere anamenya. Huyu anachomoa hindi zima anaondoka nalo, mkia juu. Hivi nyinyi Wazigua mmechoka kuvuna mpaka mnatuma mbwa? Mfundishe na kupukuchua basi, tuletewe unga."

Baba yake aliletwa na mkonge kutoka Unyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu, ana ruhusa. Nikamjibu, "Amekuonea huruma. Mahindi ya Mnyamwezi hayakomai, bora yaliwe na mbwa."

Tukacheka. Kisha yeye akaacha kucheka.

"Utani tuweke kando, bibi. Akirudi naweka sumu. Sina namna."

Alipokwenda ndipo nikaelewa nilichofanya. Mbwa aliyelinda mahindi maisha yake yote, mimi nimemfundisha kwamba hindi ni la kuchezea.

Magunzi yote nikayachoma jikoni. Usichana wangu niliumalizia kwenye shamba la mkonge, nikianika katani, na kusokota kamba hakujanitoka. Nikakaa na fungu la nyuzi, nikasokota pajani, nikapiga fundo kubwa mwishoni. Alilitafuna fundo kidogo, akaliacha. Akaniletea, akasimama mbele yangu. Nikaelewa kwamba kamba inataka mtu wa upande wa pili. Lakini udenda wake ulikuwa umeloanisha yote, na mimi nina udhu wangu. Nikairefusha, nikairefusha tena, mpaka ikafika pima nne za mikono iliyonyooshwa. Hapo unyevu haunifikii.

Nikakaa kwenye kigoda barazani, yeye uani, tukavuta. Mara ya kwanza alinivuta mpaka nikaanguka na kigoda changu. Nikacheka, nikageukia mlangoni nimwambie mzee.

Binti alikuja siku tatu kabla ya mfungo. Baada ya salamu akakagua ndala, mkeka, msala.

"Ameacha?"

"Ameacha. Na mahindi ya mtani hajarudi kuyagusa."

Tuliposwali alasiri na kutoka, mbwa alikuwa amesimama uani na fundo mdomoni.

"Anataka nini huyo?"

"Anataka nivute kamba." Nikaona haya, lakini nikakaa kwenye kigoda, nikashika upande wangu.

Binti alitazama. Nilidhani atacheka.

"Kila siku mnafanya hivi, mama?"

"Baada ya alasiri. Mvua ikinyesha hatufanyi."

"Na watu? Nani huwa anakuja hapa?"

Nikafikiri. "Mtani alikuja, mahindi yake yalipoliwa."

Aliifuata ile kamba kwa macho kutoka mkononi mwangu mpaka mdomoni mwa mbwa. Jioni, akichambua mchicha, akasema bila kunitazama, "Basi abaki."

Kesho yake bodaboda ikamchukua. Alisema atakuja Idd, ila Idd nayo inaangukia msimu wa machungwa. Nikamwambia sawa.

Kamba inachakaa upande wa mbwa tu. Kila Ijumaa naisubiri ikauke, nakata palipoisha, nasokota nyuzi mpya, kisha naipima kwa mikono ibaki pima nne.