Kivuli cha Hosta za Mautuma

Nilikuwa kwa kinyozi hapa mjini Kakamega, nasubiri zamu yangu, mtu mmoja aliponiambia kwamba yule mama wa Mautuma ametutoka. Alisema hivyo kama anayetaja bei ya mahindi, kisha akaendelea na mazungumzo yake. Nilitoka bila kunyolewa. Ninyi mnaonisoma mnajua kwamba mimi si mtu wa maua. Niliwahi kuandika hapa kuwa maua ni anasa ya walioshiba, mkanitukana mpaka nikachoka. Leo naandika juu ya maua, au tuseme majani, na juu ya mwanamke aliyenusurika kufukuzwa nyumbani kwake kwa sababu ya majani hayo. Nimehuzunika, na sitaki kujifanya kwamba sijahuzunika.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Nilikuwa bwana shamba kijana, nimetumwa Mautuma kwa familia zilizogawiwa mashamba ya wazungu waliokuwa wakiondoka, na kazi yangu ilikuwa neno moja: mahindi. Shamba la huyu mama na mumewe liliangukia penye jiko la nyumba kuu ya zamani, na nyuma ya jiko, chini ya miti mikubwa, kulikuwa na hosta. Ni mmea unaokaa chini, wenye majani mapana ya kijani na ukingo mweupe. Katika usichana wake aliwahi kupalilia bustani hiyohiyo ya mzungu, kwa hiyo alizijua tabia zake. Alizizungushia majivu ili konokono wasizile, akazigawanya mashina wakati wa mvua, na chipukizi lililotoka kijani tupu akaling'oa, maana hilo lina nguvu kuliko mengine na likiachwa humeza yote yenye weupe. Ila jua hakuwa na dawa yake. Ule ukingo mweupe ndio unaoungua kwanza. Nilimwuliza zina faida gani. "Hazina," akanijibu. "Mahindi ni ya mzee, ng'ombe ni wa mzee, hata kuku wanaitwanga wa mzee. Hizi haziliwi, haziuzwi, kwa hiyo hakuna mwenye kuzidai. Ni zangu."

Mumewe alifanya kazi ya reli, mbali, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Aliyesimamia shamba alikuwa shemeji, mdogo wa mumewe, mtu wa shoka na haraka. Shemeji akaiona ile miti inanyima mahindi jua, akaikata yote. Kwa haki, mimi ningemshauri vivyo hivyo. Ndani ya wiki chache majani ya hosta yakawa kahawia pembeni, kisha yakaanza kujikunja. Mama akazifunika kwa mabua na magunia, akamwomba mumewe apande mti. Mumewe akaitikia, akasahau, akaitikia tena. Hosta ziliendelea kupungua, na siku moja, mchana kweupe, mama alichukua jembe akapanda mche mwenyewe.

Msomaji wa mbali atauliza kosa liko wapi. Kwetu, siku zile, mwanamke hapandi mti. Mti ni alama ya kumiliki ardhi. Mwanamke akiupanda, ni kama ametangaza kwamba mume hayupo tena. Tena ilisemwa kwamba tumbo lake litafungika. Na huyu mama alikuwa na mimba yake ya kwanza, baada ya miaka ya kungoja na kunong'onwa.

Kikao kiliitishwa, nami nikaalikwa kama mtu wa serikali. Shemeji alitaka mti ung'olewe siku hiyo, au mama arudi kwao. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema, na wazee wakaguna kukubali. Mama mkwe wake hakupiga kelele. Alisema polepole, akimtazama mkaza mwanawe: "Mtoto wangu, mimi nilipanda. Nikiwa mdogo kama wewe. Wa kwanza nilimzika kabla sijampa jina. Sikuchukii. Naogopa." Mama akajibu, "Pole, mama. Lakini sing'oi." Wakakubaliana mume angojwe. Mume alipokuja alisema atalifikiria, akarudi reli.

Basi tukaishi hivyo, watu wote wakilitazama tumbo na mche. Siku ya uchungu nilipita kukagua mahindi nikawakuta wanaume wamesimama uani. Mama alikuwa ameanza kuumwa tangu jana yake. Gari la kumpeleka hospitali lilikuwa limekwama kwenye tope. Mama mkwe alitoka ndani akilia, akamwambia shemeji neno moja: "Ng'oa." Kutoka ndani tukasikia, "Msiuguse!" sauti imekwisha kabisa. Shemeji akanitazama mimi. Nikasema, "Mti hauna habari na mtoto." Mama mkwe akanigeukia: "Wewe umewahi kuzaa, bwana shamba?" Mche uling'olewa, ukatupwa kando, na udongo haujakauka kwenye mizizi tukasikia mtoto analia.

Hebu fikiri ushahidi huo. Kila jicho pale uani lilinigeukia mimi na cheti changu cha kilimo. Niliamini, na bado naamini, kwamba mtoto alikuwa anakuja tu. Lakini kama ningekuwa mimi ndiye mama yake, nisingegusa mche tena maishani.

Arobaini ya uzazi ilikuwa imepita nilipomkuta mama nyuma ya jiko, mtoto mgongoni, jembe mkononi, mche mpya umelazwa kando ya hosta zilizobaki. "Huogopi?" nikamwuliza. "Naogopa sana. Angalia." Akaninyooshea mikono. Ilikuwa inatetemeka. "Basi ngoja upoe kwanza." "Woga huu haupoangi, bwana shamba. Nikingoja upoe, hizi zitakuwa zimekufa."

Mama mkwe alikuwa mlangoni pa jiko, mkono mdomoni. Nilidhani atapiga ukemi, watu wajae. Alikuja taratibu, akamfungua mtoto mgongoni mwa mama yake, akaenda naye mpaka mwisho wa boma, mbali na lile shimo kadiri alivyoweza, akasimama huko amemkumbatia. Mama akainama akaanza kuchimba.

Mti ulikua, shemeji asithubutu kuugusa mbele ya mama yake, na hosta zikapona, ingawa hazikuwahi kunenepa kama zilivyokuwa za mzungu. Mtoto naye alikua. Ndiye atakayemzika mama yake wiki hii. Lakini mama aliniambia baadaye kwamba kila homa iliyompata kijana huyo, yeye alikwenda kuutazama mti kwanza. Miaka ile niliwasikia mashujaa wengi majukwaani wakisema hawaogopi kitu, na labda walisema kweli. Mimi huwa namkumbuka huyu aliyeogopa.

Najua lipo jambo unalolingojea woga upungue ndipo ulianze. Hautapungua. Tafuta mtu akushikie mtoto, uchimbe shimo.